Buu Mwenye Kichwa Cheusi

Usubi wa kwanza nilimwona asubuhi ya Jumatatu, akikimbia juu ya mchanga wa kopo la tatu kama mtu aliyedondosha sindano. Hakuruka. Alikimbia, akasimama, akakimbia tena, mweusi na mwembamba, miguu mirefu kuliko mwili. Nilimpuliza akaondoka. Nilidhani ni mbu aliyepotea njia.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba na mtoto mmoja wa kike. Nilifanya kazi katika chumba cha kupimia mbegu kwenye shamba la ngano la serikali, huko tambarare za Hanang. Mume wangu alikuwa fundi wa matrekta wa shamba hilohilo, ila miezi ile alikuwa Arusha akisubiri vipuri. Mimi ni mzaliwa wa Nambis, milimani Mbulu, ambako mashamba yamelala kwenye miteremko kama mikeka iliyoanikwa, na kila mkeka una mwenyewe. Kule tambarare ulisimama mlangoni ukaona ngano mpaka macho yakachoka, na mwisho wake mlima Hanang peke yake. Mwaka wa kwanza niliogopa hata kutembea katikati ya shamba lile. Nilihisi kama mtu anayeonekana kutoka kila upande.

Kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza. Kabla ya kupanda, mbegu za kila kundi la magunia zilipimwa. Nilihesabu mbegu hamsini, nikazipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililojaa mchanga, nikamwagilia, nikasubiri siku nane. Kisha nilihesabu miche mizima na miche dhaifu, nikaandika daftarini. Mchanga ulitakiwa uchemshwe kwanza kwenye pipa, kisha ukaushwe, usibaki na uhai wowote. Juu ya kila ukurasa palikuwa na mstari: "Mchanga umechemshwa?" Mimi niliandika "Ndiyo" na kuweka sahihi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka nieleze kosa langu lilitoka wapi, maana halikutoka kwenye ubaya. Kwetu ng'ombe hulala ndani ya nyumba pamoja na watu, na asubuhi kazi ya kwanza ya binti ni kuzoa samadi na kuipeleka shambani kichwani. Nilifanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita. Sikuwahi kuona mbegu ikitiwa kwenye udongo bila samadi. Nilipoanza kazi na kuona miche yangu imesimama kwenye ule mchanga mweupe, myembamba na ya kijani hafifu, niliona aibu kama mama ambaye watoto wake wanapita mbele za watu wakiwa na njaa. Nilipokwenda nyumbani kwa Pasaka nilimweleza mama yangu. Alicheka sana.

"Wanapanda kwenye mchanga uliopikwa? Na wewe unakula mshahara kwa kazi hiyo?"

"Ndivyo wanavyotaka, mama."

"Wanataka kwa sababu hawana ng'ombe," alisema, akanijazia mfuko.

Ilikuwa samadi iliyooza vizuri, nyeusi, yenye utando mweupe wa ukungu katikati. Aliyeniletea mpaka tambarare alikuwa dereva wa lori la shamba, mtu mzima kidogo kunipita, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amepita Mbulu kuchukua vifaa. Alipoinua ule mfuko alinusa, akanitazama.

"Dada, hii ni zawadi ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yangu mimi hunipa asali."

Nikaweka samadi chini ndani ya kila kopo, unene wa vidole viwili, na juu yake mchanga uliochemshwa. Kila baada ya siku nane nilibadilisha mchanga wa juu tu. Samadi ilibaki palepale na unyevu wake. Miche ikawa ya kijani kibichi, minene, na meneja wa shamba alipopita alisema, "Ndugu, chumba hiki sasa kina mtu." Nilifurahi. Kwenye daftari niliendelea kuandika "Ndiyo". Nilijiambia kwamba mchanga kweli umechemshwa. Kuhusu kilichokuwa chini ya mchanga, hakuna aliyeniuliza.

Baada ya yule usubi wa Jumatatu, Jumatano walikuwa kumi. Ijumaa niliona wamejaa kwenye kioo cha dirisha, na miche ya makopo mawili ilikuwa imelala chini kama iliyokanyagwa. Niling'oa mmoja. Mizizi ilikuwa imegugunwa ikabaki nyuzi.

Siku hiyohiyo meneja aliingia. Aliona dirisha kabla hajaniona mimi. Alisimama, mkono bado umeshika kitasa. Alikuwa amepokea barua kutoka wizarani iliyoeleza habari za usubi wa ngano, mdudu mdogo mfano wa mbu, ambaye katika nchi nyingine ameangamiza mashamba mazima. Barua ilisema akionekana popote mbegu zote za ghala zichomwe, na aliyemleta atafutwe.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Jumatatu, ndugu meneja."

"Na hukusema?"

Saa ile ile aliita watu wa dawa. Walipuliza chumba kizima mpaka ukutani pakatiririka, wadudu wakaanguka, wakafagiliwa. Wachache waliokotwa wakatiwa kwenye kisanduku kitupu cha kiberiti kwa ajili ya mtaalamu. Makopo yangu yote yalitolewa nje yakapangwa nyuma ya ghala, yasubiri kuchomwa pamoja na magunia.

Wasomaji ambao hawakuishi miaka ile huenda wasielewe neno moja lilivyoweza kutisha. Shamba lilikuwa la taifa, na mtu aliyeharibu mali ya taifa aliitwa mhujumu. Nilimjua mtu mmoja aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mapipa ya dizeli. Aliondoka kwenye gari la polisi akiwa na kandambili mguuni, na mke wake alizitafuta habari zake mwaka mzima. Neno lile lilipotamkwa mchana wa Ijumaa ile mbele ya ghala, nilidhani gari la polisi sasa linanijia mimi.

Lakini hawakulitamka juu yangu. Walilitamka juu ya dereva.

Mbegu za kundi lililokuwa kwenye yale makopo mawili alizileta yeye kutoka mbali, na njiani lori liliharibika akalala siku mbili karibu na mpaka wa nchi. Sasa watu wakakumbuka zile siku mbili. Alikuwa na nani? Magunia yaliyofika ni yaleyale yaliyopakiwa? Walimweka kwenye chumba cha walinzi, wakisubiri gari la kumpeleka polisi Katesh. Walimwuliza alibeba nini kingine kwa miezi hiyo zaidi ya mali ya shamba. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka mlangoni, mtoto mgongoni. Nilimsikia akijibu.

"Ngano. Na vifaa. Hakuna kingine."

Alinitazama kidogo alipokuwa akisema, kisha akatazama chini.

Nilirudi nyumbani. Habari ya ule mfuko sikuitaja. Nilijiambia kwamba samadi ya mama haiwezi kuwa na mdudu wa ngano, kwa kuwa mama hapandi ngano. Kisha nikajiambia kwamba sijui. Huenda wadudu walikuwa ndani yake. Wakiwa ndani yake, watu wa serikali watakwenda Nambis, watachoma lundo lake, labda na nyumba, kwa sababu ng'ombe na watu na samadi ni nyumba moja. Nilimwona mama amesimama nje na ng'ombe wake watatu. Nilishika rozari nikashindwa kupita fumbo la kwanza. Nilikuwa nimefundishwa na masista tangu nikiwa mtoto, najua kuungama ni nini. Hata hivyo midomo yangu ilisali na moyo ukiwa umefunga mlango kwa ndani.

Viberiti vilikuwa adimu wakati ule, hivyo sisi wanawake wa nyumba za wafanyakazi tulipeana moto. Kila asubuhi nilikwenda kwa mke wa dereva na kigae changu, akanitilia makaa. Jumamosi sikwenda. Kwetu zamani, nyumba iliyoguswa na balaa fulani ilijitenga: haikuchukua moto kwa jirani, haikuteka maji na wengine, isije ikaambukiza balaa lake. Mimi ni Mkristo na baba yangu alikuwa Mkristo, lakini siku ile mguu wangu wenyewe ulikataa kuvuka kwenda kwake. Yeye ndiye aliyekuja, macho mekundu.

"Mama, mbona leo hukuja kuchukua moto? Nawe pia umeanza kutuogopa?"

"Nilichelewa kuamka," nikasema.

Uongo wa pili.

Jumapili baada ya misa mtaalamu wa wadudu alifika. Alikuwa mzee mwembamba, mtu wa Tanga, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa na sanduku la mbao alilolibeba mwenyewe, hakumruhusu mtu kulishika. Wafanyakazi walimwita Bwana Wadudu, naye alikuwa akilifurahia jina hilo. Meneja aliniamuru nimsaidie, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua makopo na makundi ya mbegu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye chumba? Mbona unatetemeka? Una homa?"

"Ni baridi, mzee."

"Baridi jua hili?" Alitabasamu, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na hadubini ya shaba, imevikwa kitambaa.

Akamwaga kiberiti kwenye sahani nyeupe. Dawa na ufagio vilikuwa vimefanya kazi yao: hapakuwa na mdudu mzima hata mmoja. Vipande vya miguu, vifua bila vichwa, mabawa yaliyonata pamoja kama karatasi zilizolowa.

"Haya ni makombo ya mkutano," alisema. "Wajumbe wote wamekwisha."

Alijaribu karibu saa nzima kwa sindano mbili. Alipofanya kazi alizungumza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwa peke yake, nami nilisikiliza kama mshtakiwa anavyosikiliza sheria ikisomwa. Alisema kuna usubi wa namna nyingi duniani kuliko watu wanavyodhani, na mtu akiwatazama kwa macho tu wote ni mbu wadogo weusi. Kuna usubi wa kuvu, ambaye mtoto wake hula ukungu na vitu vinavyooza, na akikosa hivyo huguguna mizizi. Huyo ni msumbufu tu. Na kuna ndugu zake, usubi wanaoishi ndani ya mimea hai, na huyo wa ngano ni mmojawapo.

"Watofautishe kwa pembe za kichwani," alisema. "Huyu mbaya, papasi zake zimepangwa pingili pingili za mviringo, kila moja na vinywele vyake. Kama ile tasbihi yenu unayoishika mkononi."

Sikujua kwamba nilikuwa nimeishika. Niliitia mfukoni. Tangu siku ile sikuweza kwa muda mrefu kuhesabu Salamu Maria bila kuona papasi za mdudu.

"Na hawa wana papasi za namna gani, mzee?"

"Hawana papasi, mwanangu. Zimevunjika zote." Akaendelea kutafuta. "Bawa lingenisaidia. Usubi wa kuvu wa kundi lile jeusi ana mshipa katikati ya bawa, unaokwenda kisha unagawanyika, kama uma wenye meno mawili. Mwenzake wa ngano mishipa yake ni michache, imenyooka, hana uma. Na macho: wa kuvu macho yake yamekutana juu ya papasi, yamejengewa daraja. Lakini tazama mwenyewe."

Nilitazama. Niliona tope la mabawa.

Akavua miwani. "Ninamtaka mtoto wake. Buu hadanganyi. Buu wa usubi wa ngano ni kama kipande cha mafuta, mweupe au mwekundu kidogo, hana kichwa cha kuonekana, naye hujibana nyuma ya jani, pale linapokumbatia shina. Buu wa usubi wa kuvu ni uzi mweupe unaoangaza mpaka utumbo wake unaonekana, na kichwa chake ni cheusi, kinang'aa kama kiatu cha askari. Hukaa chini, kwenye uozo."

Tulipasua mashina ya miche yote iliyobaki. Nyuma ya majani hapakuwa na kitu. Nilianza kupumua. Kisha akavuta daftari langu.

"Hapa unasema mchanga ulichemshwa. Mara zote?"

Nilikuwa na nafasi ile. Alikuwa ananitazama kwa upole kabisa.

"Ndiyo, mzee."

"Basi si wa kuvu," akasema taratibu, akafunga daftari. "Kwenye mchanga uliopikwa hana chakula. Hawezi kuzaana humo hata siku tatu. Wakiwa hawatoki kwenye mchanga, wametoka kwenye mbegu. Sina ushahidi wa kumtia dereva hatiani, lakini sina pia wa kumwachia. Na kanuni inasema penye shaka, choma."

Meneja, aliyekuwa mlangoni, alisema gari la Katesh litaondoka saa tisa alasiri na dereva, na magunia yatatolewa nje kesho yachomwe.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa: neno langu moja, lenye herufi tano, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na masista, ndilo lililomfunga yule mtu.

Adhuhuri mzee alinawa kwenye ndoo nyuma ya ghala, akatandika gunia safi, akasali. Mimi nilisimama kando nikimsubiri, na mbele yangu makopo yangu yalikuwa yamepangwa kwenye jua. Nilimtazama anavyoinama na kugusa paji la uso chini bila haraka. Hofu yangu haikupungua. Napenda kulisema hili wazi, kwa sababu katika mahubiri tunasikia watu waliopata ujasiri ghafla. Mimi sikupata. Nilijua kwamba nikichimba na kukuta mabuu bila vichwa, nimejimaliza mimi na mama yangu na ng'ombe wake. Nilichokuwa nacho ni saa tu: ilikuwa saa saba, na gari lingeondoka saa tisa. Nikamwambia Mungu, "Sina nguvu, lakini nina mikono." Nikachukua kopo la tatu.

Nilikwangua mchanga wa juu. Dawa ilikuwa imeukausha. Chini yake samadi ya nyumbani ilikuwa bado na unyevu, na harufu yake ilinijia usoni: asubuhi, ng'ombe, moshi, mama. Nilitia vidole. Kitu kikatembea kwenye kidole changu. Nikaona nyuzi nyeupe, nyingi, zikijivuta kukimbia mwanga.

Sikutazama vichwa. Macho yangu yalikuwa mazuri wakati ule, ningeweza kuona. Niligeuza uso pembeni nikabeba kopo kama mtu anayebeba kopo la moto, nikaliweka mbele ya yule mzee alipokuwa akikunja gunia lake.

"Mzee, mchanga haukuwa peke yake. Chini niliweka samadi. Nimekudanganya, na meneja nimemdanganya miezi mitatu. Dereva hajui kitu. Mabuu wamo humu, sijui ni wa namna gani."

Alichungulia ndani ya kopo, kisha akanitazama mimi.

"Samadi? Kwenye kopo la kupimia?"

"Kwetu hatupandi bila samadi, mzee."

"Lahaula," akasema kwa sauti ya chini, akaingia ndani na kopo.

Nilibaki mlangoni. Alimchukua buu mmoja kwa ncha ya brashi, akamweka kwenye kioo na tone la maji, akainama. Aligeuza kile kigurudumu kidogo mbele na nyuma. Alikaa muda mrefu hivi kwamba nilisikia trekta likitoka upande mmoja wa shamba mpaka upande mwingine. Mtoto wangu mgongoni alikuwa amelala na joto lake lilinichoma.

"Njoo uangalie."

"Mzee, niambie tu."

"Sikwambii. Njoo uangalie mwenyewe. Wewe ndiye mwenye chumba."

Niliweka jicho. Kwanza ukungu mtupu, kisha ukungu ukatulia. Alikuwa mweupe kama utepe wa maji, na ndani yake ulionekana uzi wa chakula cheusi, ile samadi yetu. Mbele kabisa palikuwa na kichwa. Kilikuwa cheusi. Kiling'aa. Kilikuwa kikitafuna hewa, huku na huku, bila kumwogopa mtu.

Nilikaa chini sakafuni palepale, mtoto akaamka akalia.

Mzee alikuwa bado anachokoa samadi. "Subhanallah, tazama, huyu hapa anatoka kwenye ganda sasa hivi." Alimpata usubi mpya kabisa, mzima, mabawa hayajakauka. Akanionyesha bawa na ule mshipa wake wa uma, meno mawili yamepinda kidogo. Akanionyesha macho, jinsi yalivyopanda juu na kukutana. Alikuwa amesahau meneja, polisi na mimi. Nikamwuliza, kwa kuwa nilitaka kuwa na hakika, kama sasa jina lake kamili linajulikana.

"Jamii yake ndiyo. Spishi, bado. Huko ndani ya jamii wanafanana kama mapacha. Humtambui mmoja na mwingine ila kwa dume, na dume humtambui ila..." Akakohoa. "Mwanangu, uniwie radhi, wewe ni mke wa mtu. Ila kwa nyuma. Ana koleo mbili ndogo mkiani, na kila spishi koleo zake na miiba yake. Hiyo kazi huachiwa wazee."

Nilicheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. Saa nane na nusu tulikwenda wote wawili kwa meneja.

Meneja hakupiga kelele, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisoma kurasa zangu zote, moja baada ya nyingine, nikiwa nimesimama. Kisha akaamuru dereva aachiwe na magunia yasiguswe. Kwangu alisema makundi yote niliyoyapima kwa miezi mitatu nitayapima upya, peke yangu, kwenye mchanga, nichemshe mwenyewe kwa kuni nilizookota mwenyewe, na akiona hata chembe nyeusi kwenye kopo nitaondoka kwa miguu mpaka Mbulu. Nikamshukuru. Alinishangaa, lakini nilimshukuru kwa moyo.

Kazi ile ilichukua wiki saba. Katika wiki ya nne niligundua jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: kundi moja la mbegu, ambalo nilikuwa nimelipitisha kwa sababu ya ule ukijani wa samadi, kwenye mchanga mtupu liliota nusu tu. Lingepandwa, eka nyingi zingebaki tupu. Hapo ndipo nilipoelewa ule mchanga mweupe ulikuwa na kazi gani. Haukuwa na njaa. Ulikuwa unauliza mbegu ina nini yenyewe. Nilipeleka ukurasa ule kwa meneja kabla hajauomba.

Nilipokwenda Nambis nilimweleza mama kila kitu, mpaka uma wa bawa na daraja la macho. Alisikiliza akipeta mahindi. Kisha akaniita mpaka zizini, akakanyaga samadi ya pembeni kwa kisigino. Waliruka kama vumbi jeusi.

"Hawa?"

Nilitazama. Nimelala na wadudu hawa utoto wangu wote. Nilipowakuta ofisini, kwenye kioo cha dirisha la serikali, sikuwatambua.

"Sasa wameletewa mzee wa Tanga na mashine," mama alisema. "Ungekuja kuniuliza mimi."

Lakini bado palikuwa na mlango mmoja. Jumatatu ile, siku moja baada ya dereva kuachiwa, nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Alikuwa ameketi kwenye gurudumu kuukuu, anakunywa chai ya rangi.

"Ulijua nilibeba nini kwako," nikasema. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Waliniuliza mzigo, dada. Ile ilikuwa zawadi ya mama yako." Alipuliza chai. "Na harufu ile, ningeanza kueleza, wangesema nimelewa."

Alinisamehe kwa urahisi namna hiyo hata nikaona haya. Mke wake hakunisamehe. Alikuwa amelala siku mbili bila kujua watoto wake watakula nini wala baba yao atarudi lini, nami nilikuwa ukutani kwake, najua. Asubuhi nilipofika na kigae alitazama kigae, si mimi.

"Moto umezimika," akasema. Nyuma yake moshi ulikuwa ukitoka jikoni.

"Asante, mama," nikajibu, nikaenda kuomba nyumba ya mwisho.

Kesho yake nilirudi. Moto ulikuwa umezimika. Nikaendelea kwenda kila asubuhi kabla ya kuwasha pipa langu la mchanga, wiki baada ya wiki, kwa sababu nilielewa kwamba mara hii si mimi ninayepaswa kuamua balaa limekwisha lini. Kila mara nilisalimu, nikasikia jibu lilelile, nikashukuru. Siku nyingine niliogopa kwenda kuliko nilivyoogopa kopo la tatu.

Nilipomaliza kundi la mwisho, wiki ya saba, nilifika na kigae changu, masizi ya pipa bado usoni. Mke wa dereva alisimama mlangoni kama kawaida. Kabla hajasema, mume wake aliita kutoka ndani:

"Mpe moto huyo mama. Amechemsha mchanga wa kutosha kujenga kanisa."

Hakucheka. Alinitazama, safari hii usoni. Kisha akaingia jikoni, akarudi na kaa moja kwenye koleo, kaa moja tu, dogo, akaliweka kwenye kigae changu.

Nilitembea nalo mpaka nyumbani nikilikinga upepo kwa kiganja, hatua kwa hatua njia nzima, nisije nikaliangusha.